Sahani ya Nsimire

Mugisho mwanangu, baba yangu mdogo,

Sikuandikii habari ya sweta. Juba ni joto, watu wote wanasema, na wewe ni mtu mzima unayenyoa ndevu. Ukitaka kuugua utaugua tu, hata nikikufunga blanketi kwa kamba. Sikuandikii habari ya kuficha pasipoti wala ya kuchemsha maji wala ya wanawake. Hayo nimeyasema mpaka umeyageuza wimbo mbele ya rafiki zako, unaniigiza sauti, unadhani sisikii. Nilisikia. Hata nilicheka, lakini nilichekea jikoni.

Nakuandikia kwa sababu kuongea kumenishinda. Tangu Jumamosi, ndani ya chumba hiki kimoja, tunapitana kama wapangaji wasiojuana. "Mama, natoka." "Haya." "Mama, nimerudi." "Haya." Kesho asubuhi basi lako la Juba linaondoka, na mimi najijua: nikifungua mdomo nitapiga kelele, nawe ukisikia kelele unanuna, basi tutaagana hivyo hivyo kwa haya na haya. Sasa hivi umeshuka karakana ya kuchomelea vyuma kuwaaga wenzako. Maharage yako jikoni. Nimepata nafasi, acha niseme.

Nataka ujue ile sahani ilikuwa nini. Sitaki uvuke mpaka ukidhani mama yako alikulisha mashetani.

Jumamosi ulikuwepo, lakini sikia nilivyoona mimi. Nilipika kama Jumamosi zote: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wadogo. Nikapakua yako, nikapakua na ile ndogo, ya bati, yenye maua yaliyokwisha kufutika, nikaiweka dirishani. Mvuke ulikuwa unapanda. Nikasema maneno yangu, polepole, kama siku zote: "Nsimire, karibu." Sikujua kwamba ulikuwa umesimama mlangoni. Ukauliza naongea na nani. Ningeweza kusema naomba Mungu. Nilichoka kudanganya, nikakujibu: "Ni sehemu ya dada yako. Ikishapoa unaila wewe, ndivyo ilivyo."

Uso wako, Mugisho. Sijawahi kuuona vile. "Kwa hiyo, Mama, miaka yote hii mimi nakula chakula ya wafu? Mimi nimeokoka, Mama! Mimi naombea watu!" Ukachukua sahani, hukumwaga chakula tu, ukatia vyote ndani ya mfuko wa kavera, pamoja na maganda ya ndizi na majivu na pamba niliyosafishia kidonda cha mguu wangu, ukafunga fundo. Lori la taka lilikuwa barabarani linapiga honi. Ukatoka nalo hilo kavera, ukalirusha juu.

Mimi nilikimbia, ndiyo. Mwanamke wa umri wangu, pekupeku, bila kitambaa kichwani, napiga ubavu wa lori kwa kiganja. Wale vijana walio juu ya taka wakacheka. "Nyabo, umetupa simu?" Nikasema, "Sahani ya mtoto." Wakasema, "Mama, sahani iko mingi sokoni." Lori likaondoka. Niliporudi, majirani wote walikuwa nje, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Nilipita nikaingia ndani, na tangu hapo ndiyo hii haya na haya yetu.

Sikukasirika kwa sababu hukuamini. Amini unavyoamini, mimi mwenyewe nasali rozari na bado sijui mambo mengi. Kilichonichoma ni ile pamba ya kidonda. Ulichanganya.

Dada yako unajua alikuwepo. Unajua hapa Katwe wote wananiita Nalongo, na ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini nina jina la watu wa mapacha wakati mtoto ni mmoja. Nilikujibu kwamba alikufa kwa homa njiani, tukaishia hapo. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote, na iliyobaki nimeikalia muda mrefu mno.

Bibi yako mzaa mama alikuwa mkali sana juu ya mapacha. Mlipozaliwa alinikalisha kitandani akanipa sheria kabla hata hajanipa uji. Mapacha hawapendelewi. Ukimpa mmoja yai, mwingine yai. Ukimpiga mmoja kofi, mwingine mpige hata kama alikuwa amelala, wewe! Tulicheka sana siku ile. Halafu akashusha sauti akasema, na Mungu apishe mbali, mmoja akitangulia, sehemu yake haikatwi. Unapakua kama yupo. Mvuke ni wa aliyekwenda, chakula ni cha aliyebaki. Ukiisha mvuke, yule aliye hai anakula, maana walikaa tumbo moja na tumbo lao bado ni moja. Haitupwi. Haipewi mnyama. Na mama haili, hata kijiko kimoja, hata kwa njaa. Mama akila sehemu ya mtoto, amekubali kwamba mtoto harudi.

Nikamuuliza, sasa inaishaga vipi? Akaniambia, "Wewe mtoto, unatafuta nini huko? Siku yakitufika tutaongea." Hatukuongea. Vita ilikuja, yeye alikuwa ameshazikwa, na baba yenu alitangulia kututafutia njia ya kuvukia. Hatukumwona tena.

Mlikuwa mmeanza tu kukimbia kimbia. Wewe nilikushika mkono, nikichoka nakubeba kifuani. Nsimire alikuwa mgongoni. Mvua ilitunyeshea mpaka nguo zikawa ngozi. Tulikaa bila chakula, watu wengi, kila mtu na wake. Halafu mama mmoja wa nyumba za kando ya njia akatuonea huruma, akanipa kikombe cha uji wa mtama. Kikombe kimoja. Wewe ulikuwa unalia, Mugisho, unalia kwa nguvu mpaka watu wanageuka. Nsimire alikuwa kimya. Nilikunywesha wewe kwanza, nia yangu ilikuwa nusu. Wallahi nia ilikuwa nusu. Ulishika kikombe kwa mikono miwili ukakataa kukiachia, na mimi nikamgusa dada yako mgongoni, nikaona ametulia, nikasema moyoni huyu hana njaa kama mwenzake, amelala, kesho atapata. Nikakuacha ukamaliza.

Hakuwa amelala vile nilivyodhani. Alikuwa anaungua. Kulipokucha alikuwa mwepesi, na wanaume wa msafara wakachimba kwa jembe la kuazima. Nilimfunga kwa kitenge changu. Watu wetu humwekea mtoto kitu kidogo, hata punje za mahindi mkononi. Sikuwa na kitu cha kumwekea. Tukaendelea kutembea.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipoogopa kukuandikia. Hukuiba kitu. Ulilia kwa sababu ulikuwa mzima, na mtoto mzima mwenye njaa analia. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mkubwa pale, mimi ndiye niliyesoma kimya chake nikadhani ni shibe. Ukinirudishia barua yenye maneno "Mama, ni mimi nilimuua", nitapanda basi nije Juba nikuchape mbele ya wachomeleaji wenzako. Sikutanii.

Kama kuna neno moja la kukufungia safarini, ni hili la kimya. Mtu anayelia mbele yako hayuko hatarini sana. Huko mtalala wengi chumba kimoja, mtagawana sufuria moja. Yule anayelalamika mpe sikio kidogo, lakini yule asiyesema chochote mguse paji la uso kwa mkono wako mwenyewe. Mimi niliambiwa na mgongo wangu na sikusikia.

Tulipofika Kampala nikapata chumba huku bondeni, kile cha kwanza cha karibu na mtaro. Siku ile ile niliyopata sufuria, nilipakua sehemu yake. Ilikuwa Jumamosi, na mlizaliwa Jumamosi, basi ikawa ndiyo siku. Nikaweka dirishani, mvuke ukaisha, na mimi nikashindwa. Kwa sheria ya bibi yako nilipaswa kukupa wewe. Nikikutazama ulivyofungua mdomo, nilikiona kile kikombe. Mwanangu, ningewezaje kuchukua cha kwake mara ya pili nikakutia wewe mdomoni? Nikakiacha pale pale. Kikalala, kikaota ukungu, sisimizi wakapanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye mto wako. Nikaona hata hiyo ni dharau, mtu unamwekea chakula halafu unamwozeshea mbele ya macho yake.

Basi nikaanza kutupa mtaroni. Natoka kabla watu hawajaamka, nageuza uso, namwaga. Unaujua mtaro wetu, na vyote vinavyopita mle. Kuna siku ulikuwa umekauka, bonge la bugali likabaki juu ya matope, jeupe, linanitazama. Nilienda kutwanga sombe za watu huku nalia, mwenye hoteli wa Kabalagala akanikata maneno: "Mama, machozi yasiingie kwenye sombe yangu, wateja hawapendi chumvi."

Halafu nikampa mbwa wa mwenye nyumba. Ndiyo, mbwa. Nilijiambia mbwa naye ni kiumbe. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa Kiganda mwenye mwili na sauti, unamkumbuka, alikuwa anakupa miwa halafu anakugombeza kwa kuacha makapi. Akanikuta.

"Wange, Mukongo! Hii chakula unapea mbwa yangu ni ya nani?"

"Ni kiporo tu, Mama."

"Kiporo gani unakiongelesha? Mimi nimekusikia dirishani. Jumamosi ingine pia nilikusikia."

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, sikuwa nimemwambia hata padri. Nikasema, nilikuwa na mapacha. Akanikatiza. "Hakuna nilikuwa. Nalongo ni Nalongo mpaka kufa. Na sehemu ya pacha unampa mbwa? Bambi, wewe uko na akili kweli?" Akanishika mkono, ananivuta kama anayenipeleka polisi, mpaka nyuma ya choo, kwenye ile migomba yake. Akasema nitakuwa namwekea hapo, chini ya shina, ardhini, bila kujificha. Alinikejeli kila alipopita, "Nalongo, leo kuna samaki? Mgomba wangu unanenepa." Lakini hakumwambia mtu, na tangu siku ile akaniita Nalongo, na mtaa wote ukafuata.

Mgombani nilipata nafuu. Ilikuwa ardhi, hata kama si ya kwetu. Lakini bado nilikuwa naikwepa sheria, nilijua. Nilikuwa natafuta mdomo wowote isipokuwa wako.

Halafu nikaanza kusali na wale akina mama wa chumba cha maombi, unawakumbuka, wa ngoma na vigelegele. Walikuwa wema kwangu, sitawasema vibaya. Mmoja akaniambia nivunje mambo ya kwetu yote, wafu hawali, nikubali. Nikaacha. Nikaiosha sahani nikaifunika chini ya beseni. Najua unataka nikuambie kwamba nilipatwa na balaa, au nikuambie kwamba nilipata amani. Hakuna kilichotokea, Mugisho. Hakuna ndoto, hakuna ugonjwa, sombe iliuzwa kama kawaida. Jumamosi zikawa kama Jumatatu. Nilikuwa nalala vizuri, na nikiamka najichukia kwa kulala vizuri.

Aliyeirudisha sahani ni wewe.

Umesahau, ulikuwa umeanza shule juzi juzi. Tulikuwa tunakula. Ukafika katikati, ukachora mstari na kidole kwenye bugali, ukasukuma nusu pembeni. Nikasema, kula, umalize. Ukasema, "Hii si yangu." Nikauliza ni ya nani. Ukanitazama kama mtu anayeuliza kitu cha kijinga, ukasema, "Ya Nsimire. Mbona siku hizi humpi?"

Yee Mungu wangu. Jina lake sikuwahi kulitamka mbele yako, nilikuwa nalisema dirishani wewe ukiwa umelala. Kumbe hukulala. Ulikuwa unasikia Jumamosi zote, na ulipoona nimeacha, ukaanza kumgawia mwenyewe, kimya kimya, kutoka kwenye sahani yako. Sijui ulikuwa umefanya hivyo mara ngapi. Nilikuwa nadhani huna hamu ya kula. Nilikuwa nimekununulia dawa ya minyoo!

Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza nani amekufa. Nikarudi, nikatoa sahani chini ya beseni, nikaweka ile nusu yako juu yake. Tukakaa wawili tunaangalia. Ulipoona imepoa ukaniuliza, "Ameshiba?" Nikasema, "Ameshiba. Sasa kula wewe, amekuachia." Ukala, Mugisho. Ulikula yote, kwa furaha, ukalamba vidole. Na mimi nilikutazama mpaka mwisho, kile kitu nilichokikimbia kwa mtaro na kwa mbwa na kwa mgomba.

Tangu siku ile ukawa unakula wewe. Ulipokua ukasahau, ukadhani ni nyongeza ya Jumamosi, ukawa unaniambia, "Mama, ile ndogo iko wapi?" Sikukukumbusha. Hilo ndilo kosa langu kwako, na naliandika wazi: nilikuacha ule kitu bila kujua unachokula. Mtu ana haki ya kujua. Nilijiambia wewe ni mdogo, halafu nikajiambia utacheka, halafu ulipookoka nikajiambia utakasirika. Nilikuwa sahihi kwa hilo la mwisho, lakini ningekuwa nimekuambia mapema usingelisikia mlangoni.

Najua imeandikwa nini juu ya vyakula vya sanamu. Nami nasoma, hata kama miwani yangu ni ya mitumba. Nsimire si sanamu. Ni mtoto aliyekuwa anakuvuta sikio ili asinzie. Kama mchungaji wako atakuambia utubu, tubu, haidhuru, toba haijawahi kumuua mtu. Ila usimwonee aibu dada yako, hilo tu ndilo ninaloomba.

Na kuhusu kuacha vitu. Utaacha vingi maishani, vingine vyangu. Labda ni sala zangu, labda ni lugha hii ninayoandika, labda siku moja hata kanisa lako la sasa, usinune, watu hubadilika. Ni haki yako. Lakini kitu ambacho mtu alikiheshimu, ukikimaliza, kiage kwanza. Kirudishe ardhini au kipe mdomo, mwambie mwenyewe kwamba imetosha, halafu ondoka. Usikifunge fundo na majivu. Najua ninachosema kwa sababu mimi nilikimwaga mtaroni, na hakuna siku niliyogeuza uso vile nikarudi nyumbani nikiwa mzima.

Siku hizi tano nimekaa na swali moja: sasa itakuwaje? Wewe hutakula tena, nami sitakuomba. Hata ungetaka, kesho hupo. Migomba unajua ilikatwa, mtoto wa mwenye nyumba amejenga vyumba mpaka kwenye choo, uani ni simenti tupu. Nilifikiria mtoto wa jirani, mdomo ni mdomo; lakini nikimpa bila kumwambia mama yake nitakuwa nimerudia kosa lile lile, na nikimwambia ataita mtaa mzima kwamba Mkongo anaroga. Nilifikiria kupanda kilima, kule Mengo bado kuna miti na majani, nichimbe kidogo kwa kijiko. Nikajiona, mwanamke mzima na bakuli lake, askari ananiuliza nazika nini. Ningemjibu nini?

Bibi yako hakunifundisha mwisho. Nilimkasirikia sana kwa hilo wiki hii, nimemgombeza hapa peke yangu huku natwanga. Lakini leo asubuhi, wakati nakunja mashati yako, nikaona kwamba alinifundisha, ila mimi ndiye sikutaka kusikia. Alisema, mama akila sehemu ya mtoto, amekubali kwamba mtoto harudi. Miaka yote nimelichukua kama katazo. Mugisho, lilikuwa mlango pia, na mimi nimekaa nje yake naogopa.

Basi Jumamosi hii nitapika. Nitapakua ya Nsimire kwenye sahani ya kawaida, nitamkaribisha, nitangoja mvuke uishe. Nitamwambia kuhusu kile kikombe, maana nadhani sijawahi kumwomba msamaha kwa mdomo, nilikuwa namlisha tu ili nisiseme. Halafu nitakula mimi. Naogopa, lakini nitakula yote, sitamwachia sisimizi wala lori. Baada ya hapo hakuna sahani ndogo tena katika nyumba hii. Umetaka iishe, itaisha, ila si kwa njia yako.

Barua hii naiweka juu ya begi lako. Ukiisoma usiku huu, niamshe, hata kama nakoroma. Ukiisoma njiani, sawa pia. Kesho kwenye basi nitasema tu "nenda salama" na nitakurekebishia kola, usishangae, mimi si mtu wa kulia mbele ya makondakta.

Jambo moja tu lisikuchanganye. Najijua, mkono wangu umezoea, Jumamosi hiyo utapakua na ya kwako. Nitaiona na nitaifunika. Itapoa, italala, itaharibika, nitaitoa, na nyingine nitaipakua. Watu watasema mama Mugisho anaharibu chakula. Waseme. Ya kwako siili, mwanangu. Hata kwa njaa, hata kijiko kimoja.

Mama yako